Gari Lisilosikika

Kavumbi hakulisikia gari. Alikuwa ametoka Marikiti na gunia la vitunguu mgongoni, kichwa kimeinama, haoni ila vidole vyake vya miguu na maganda ya machungwa yaliyokanyagwakanyagwa. Hamali aliyebeba gunia hawezi kugeuka. Husikiliza. Kwa miaka kumi na minne Kavumbi alikuwa akijua kwa masikio kinachomjia nyuma: mkokoteni, lori la ndizi, teksi yenye ekzosi iliyotoboka. Asubuhi hiyo hakusikia kitu, akapiga hatua moja kando kukwepa dimbwi la maji machafu.

Bampa lilimgusa nyuma ya goti. Halikuwa pigo la haja, maana gari lilikuwa likienda mwendo wa mtu anayetembea. Lakini gunia lilimzidi nguvu, akaenda nalo chini, na mguu wake wa kulia ukabanwa baina ya gunia na ukingo wa saruji. Waliokuwa karibu waliusikia mfupa.

Dereva alishuka mbio. Alikuwa Idarus, mtu wa Mji wa Kale, umri wake miaka hamsini na mitatu, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameendesha teksi kisiwani Mombasa bila kumgonga mtu. Abiria wake, mama mmoja aliyetoka kununua leso Biashara Street, aliacha nauli juu ya kiti, akachukua furushi lake, akaondoka.

Mahamali wenzake Kavumbi waliliondoa gunia. Mmoja wao akaweka kiganja juu ya boneti.

"Limezimwa hili," akawaambia wenzake. "Mzee yuwaendesha gari lililozimwa."

"Halikuzimwa," akasema Idarus. "Ndivyo liendavyo."

Mara tu alipolisema alitamani asingalilisema. Watu walikuwa wanamtazama yeye, si gari. Mwanamke mmoja muuza bilingani akavuta ndoo yake nyuma, kama kwamba gari lingeweza kuja tena peke yake.

Walimlaza Kavumbi kiti cha nyuma. Hakulia. Jasho lilikuwa likimtoka puani na midomo imekuwa ya kijivu. Gari likaondoka taratibu, kimya, na kwa muda ndani kukawa hakusikiki ila pumzi zake.

"Lilikuwa lasukumwa?" akauliza.

"La," akajibu Idarus.

"Basi mbona sikulisikia?"

Walipofika penye mwinuko injini ya petroli ikawaka yenyewe, ikaanza kunguruma. Kavumbi akafumbua macho.

"Sasa nalisikia," akasema.

*

Ghassan alifika hospitali kabla daktari hajatoka chumbani. Alikuwa mtoto wa marehemu kakake Idarus, kijana wa miaka thelathini na minne, mwenye yadi ya magari yatokayo Ujapani kwa njia ya Dubai. Hata akiwa na haraka alimwamkia ami yake kwa adabu, akambusu mkono, ndipo akamvuta hadi mwisho wa ukumbi.

"Ami, ulipiga honi?"

"Sikuwahi. N'likuwa n'nadhani amenisikia."

"Ulipiga," akasema Ghassan. "Ulipiga mara mbili. Pale Marikiti honi ziko mia, nani atasema ya kwako haikuwamo?"

Gari lile lilikuwa limekuja kwa Ghassan miezi minne nyuma, mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na tisa. Kwa sura lilikuwa gari dogo lile lile ambalo nusu ya teksi za kisiwani zilikuwa, gari ambalo kila fundi alilijua akiwa amefumba macho. Tofauti ilikuwa ndani. Hili lilikuwa na injini mbili, moja ya petroli na moja ya umeme, na betri kubwa nyuma ya kiti iliyojijaza yenyewe gari likitembea. Mwendo wa polepole lilitumia umeme. Watengenezaji walikuwa wametoa machache tu ya majaribio, na moja likapotelea Mombasa. Mawakala wao wa Nairobi walipopata habari walimwandikia Ghassan: wataka kujua kama watu wa huku watalipenda, kama yafaa gari dogo hili linalopendwa lije pia kwa namna ya injini mbili. Wakatuma fomu.

Ghassan hakuwa na mtu wa kumwamini na gari kama lile isipokuwa ami yake. Alilichukua gari la zamani la Idarus, akamuuzia mtu wa Malindi, akampa hili. Masharti yalikuwa mepesi: aendeshe teksi miezi sita, kila mwezi ajaze fomu, kisha gari liwe lake. Na Idarus alilipenda. Petroli aliyokuwa akiitia kila siku sasa aliitia baada ya siku tatu, na huu ulikuwa mwaka ambao petroli ilipanda mara kwa mara hadi madereva wengine wakawa wanashinda wameegesha kivulini, wakiogopa kuzunguka kutafuta abiria.

"Mtu wa Nairobi yuwaja baada ya wiki tatu," akasema Ghassan. "Akiridhika, mimi ndiye ntakayeletewa mengine. Ami, hili si jambo langu peke yangu. Ukisema hukupiga honi, wewe utashtakiwa, gari litafungiwa, na yule hamali mguu wake hautaunga kwa sababu hiyo."

Daktari akatoka, akasema mfupa wa muundi umevunjika mahali pawili. Plasta miezi mitatu, na baadaye itaonekana.

Kituoni askari aliyeandika taarifa alikuwa na kalamu inayokwamakwama. Aliuliza kama dereva alitoa ishara yoyote. Ghassan alikuwa amesimama nyuma, mikono ameifunga.

"Nilipiga honi mara mbili," akasema Idarus, na askari akaandika.

*

Nyumba ya Idarus ilikuwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho gari likiingia mtu hana budi kujibandika ukutani. Mkewe Shariffa alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule za watu. Binti yao Rukiya, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na anajifunza kupiga taipu katika chuo kimoja karibu na posta, alikuwa ameketi mezani na fomu ya mwezi huo mbele yake. Fomu zilikuwa za Kiingereza, kwa hivyo yeye ndiye aliyekuwa akizijaza, babake akimwambia la kuandika.

Walikwisha kusikia. Habari ya Marikiti haichelewi kufika Mji wa Kale. Shariffa alimletea mumewe maji, akangoja hadi ameyamaliza.

"Mgonjwa yuaje?"

"Mguu umevunjika. Utaunga inshallah."

"Inshallah." Shariffa akairudia cherehani yake lakini hakuizungusha. "Yuna watu?"

"Yuna mke. Wakaa Tudor."

Rukiya akasoma kwa sauti ndogo, akitafsiri. "Petroli uliyotumia. Matengenezo. Maoni ya abiria." Akafika chini. "Kasoro ulizoziona. Niandike nini, Baba?"

"Andika kama ya kila mwezi."

"Hakuna?"

Idarus akavua kofia yake, akaitazama ndani kama anatafuta kitu. Mezani zilikuwapo nakala tatu za miezi iliyopita, na katika kila moja, mahali pale, kwa hati nzuri ya Rukiya, pameandikwa kwamba hakuna kasoro.

"Na mimi je?" akauliza Shariffa.

"Wewe nini?"

"Siku ile ya maulidi kwa kina Bi Badawi. N'likuwa na sinia la kaimati kichwani. Ulinijia nyuma na gari lako mpaka likanigusa buibui. N'liliangusha sinia lote."

"Lile lilikuwa jambo la mzaha."

"Ulicheka," akasema Shariffa. Hakulisema kwa ukali. "Ukaenda ukawahadithia barazani, nao wakacheka. Tangu siku ile nikitoka nje natazama nyuma kama mwizi. Na wazee wote wa kichochoro hiki ndivyo wafanyavyo. Bi Badawi amewaambia wajukuu wake wasicheze mlangoni. Hukujua?"

Idarus alijua. Alikuwa amewaona watoto wakiitwa ndani kabla hajafika, na alikuwa amejiambia kwamba watu watazoea.

"Baba Rukiya, ulipiga honi?"

"Nimeandikisha kwamba nilipiga."

"Sikukuuliza ulichoandikisha."

Kichochoroni mtu alipita akikohoa, na wote watatu wakamsikia mpaka alipokata kona.

"Nikisema kweli, gari litachukuliwa," akasema Idarus. "La zamani liko Malindi na mwenyewe. Mimi kwa umri huu nitaanza kuwa deiwaka wa nani, nishike gari la mtu kwa zamu? Na chuo cha huyu?"

Shariffa akaangalia sare iliyokuwa chini ya sindano, shati jeupe la mtoto wa mtu.

"Mimi sikukwambia ufanye nini," akasema. "Nilitaka nijue nalala na nini."

Rukiya akaifunga fomu ndani ya kitabu bila kuandika chochote.

*

Siku ya tano Idarus alikwenda Tudor kumjulia hali mgonjwa. Shariffa alikuwa amepika pilau ya kuku sufuria zima, akalifunga kwa kitambaa. Idarus aliliacha gari mbali, akaenda kwa miguu.

Kavumbi na mkewe Naomi walikuwa na chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita iliyokuwa na ukumbi katikati. Mlango ulikuwa nusu wazi. Kavumbi alikuwa kitandani, mguu wa plasta umewekwa juu ya mto uliotandikwa leso. Naomi alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu wa sauti. Alimkaribisha kiti, ambacho kilikuwa kimoja tu, yeye mwenyewe akabaki wima.

"Pole, ndugu yangu," akasema Idarus.

"Nishapoa, mzee," akasema Kavumbi. "Nashukuru ulinipeleka hospitali. Wengine wangekimbia."

Maneno hayo yalikuwa mabaya kwa Idarus kuliko matusi. Akauliza maumivu, akauliza usingizi. Kavumbi akajibu kila kitu kwa upole, kisha akamtazama mkewe, na Naomi ndiye aliyesema.

"Jana alikuja mtu wa bima."

"Naam."

"Hatalipwa. Amesema dereva alipiga honi mara mbili na hamali hakutoka njiani kwa sababu alikuwa amelewa. Aliuliza mbele ya wapangaji wote hapo ukumbini. Akamwambia mume wangu afungue mdomo, apumue. Siku ya nne baada ya ajali."

"Nani alimwambia amelewa?"

"Imeandikwa. Amesema mwenye gari ndiye aliyeeleza."

Idarus aliijua sauti iliyoeleza. Hamali, asubuhi, Marikiti: ili kumwita mlevi Ghassan hakuhitaji kufikiri sana.

"Mume wangu hugawa vitabu vya nyimbo kanisani," akasema Naomi. "Tangu tuoane sijamwona na tembo hata la kuonja kwenye harusi. Leo asubuhi mzee wa kanisa alikuja kumwombea. Alipomaliza, akaniita pembeni akaniuliza kama ni kweli."

"Achana nalo, Naomi," akasema Kavumbi.

"Nitaachana nalo vipi? Mguu utapona." Akamgeukia mgeni. "Mimi sikuwapo pale, mzee. Na mume wangu hawezi kuapa, kwa sababu alikuwa na gunia mgongoni, huenda kweli honi ilipigwa asiisikie. Usiku huniuliza mimi: Naomi, kwani masikio yangu yameanza kufa? Nataka uniambie wewe. Ulipiga?"

Idarus alikuwa amekuja na maneno ya pole tu. Alitazama miguu yake juu ya sakafu iliyofagiliwa vizuri. Wapangaji wawili walikuwa ukumbini wakichambua mboga na hawakuwa wakizungumza.

"Sikupiga," akasema. Halafu, kwa kuwa aliona amesema kwa sauti ya chini, akasema tena. "Sikupiga honi. Masikio yake hayana neno. Gari lenyewe halisikiki, na mimi nilijua kwamba halisikiki."

Kavumbi akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, si kwa maumivu. Naomi akalichukua sufuria, akapakua pilau yote katika sinia lake mwenyewe, akatoka na sufuria tupu nje. Walimsikia akilisugua bombani kwa muda mrefu. Akarudi nalo limekauka, linang'aa, akampa Idarus mkononi.

"Mwambie mama nashukuru kwa chakula," akasema. "Siku nyingine ningekuwekea kitu ndani."

*

Kituoni alimkuta askari yule yule. Ilimbidi asubiri nyuma ya mtu aliyeibiwa baiskeli na wanawake wawili waliogombana juu ya kamba ya kuanikia nguo. Zamu yake ilipofika alieleza anachotaka, na askari akaacha kuandika.

"Mzee, watu huja hapa kubadilisha maneno ili wajitoe. Wewe waja kujitia?"

"Naja kusema ilivyokuwa."

"Utashtakiwa kwa kuendesha bila hadhari. Na hiyo ya kwanza uliyoandikisha, ni uongo pia. Waelewa?"

"Naelewa."

Askari akamtazama kofia, akamtazama ndevu zilizoanza kuwa nyeupe. "Kwa umri wako," akasema, wala hakuimaliza sentensi. Watu wa kamba ya nguo walikuwa wamenyamaza wapate kusikia. Idarus akaisema habari yote tangu mwanzo, amesimama, na askari akaiandika pole pole, kila baada ya maneno machache akimwambia arudie.

Kutoka hapo alikwenda yadi, akaweka ufunguo juu ya meza ya Ghassan. Ghassan aliusikiliza mkasa wote bila kumkatiza. Uso wake ulibadilika rangi, lakini hakupandisha sauti, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake ni ndugu wa babake.

"Umenimaliza, ami," akasema.

"Wewe ulisema yule mtu amelewa."

"Nilisema huenda."

"Wamemfungua mdomo mbele ya wapangaji wenzake, Ghassan. Kama mbuzi anayetazamwa meno."

Ghassan akauzungusha ufunguo juu ya meza. Nje fundi wake, Faraj, alikuwa akipiga msasa mlango wa gari, na sauti ile iliwafikia kama mtu anayekuna ukuta.

"Wataka nifanye nini?"

"Huyo mtu wa Nairobi akija, nataka niwepo. Na nataka Kavumbi awepo."

"Na gari? Ukilitoa huna jingine. Mimi sasa sina la kukupa."

"Sikuja kukuomba."

Alirudi nyumbani kwa miguu, kupitia Biashara Street, akiwa amebeba mkononi kile kitambaa cha kusugulia kioo, kitu pekee ndani ya gari lile kilichokuwa chake.

*

Mtu wa Nairobi aliitwa Nicodemus. Alikuja na koti na tai, na ilipofika saa nne koti lilikuwa begani na tai mfukoni. Alikuwa mtu wa heshima, asiye na makuu. Alizisoma fomu tatu za Idarus, akaisoma barua ambayo Rukiya alikuwa ameipiga taipu kwa niaba ya babake kueleza ajali ilivyokuwa, akavua miwani.

"Fomu zako zote zinasema hakuna kasoro."

"Hati ni ya binti yangu," akasema Idarus. "Uongo ulikuwa wangu."

"Uliidanganya kampuni kwa nini?"

"Nilikuwa nataka gari."

Nicodemus akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jibu la haki. Akaeleza kwamba yeye hana neno na kesi. Hiyo ni ya mahakama na bima. Kazi yake ni gari. Lakini kama kweli halisikiki, hilo linaweza kupimwa hapo hapo, na matokeo yataandikwa, na nakala watapewa watu wa bima wakiitaka. Aliyasema haya akimtazama Ghassan, na Ghassan akasema yadi iko wazi.

Walimsimamisha Faraj katikati ya uwanja wa saruji, mgongo kwa gari, wakamwambia ainue mkono akilisikia. Idarus alishika usukani. Faraj, aliyekuwa fundi kwa miaka ishirini na akijivunia kutambua ugonjwa wa injini kutoka ng'ambo ya barabara, aliinua mkono gari likiwa limebakisha hatua mbili. Alisema hakuisikia injini, alisikia kijiwe kilichokanyagwa na tairi. Wakafagia uwanja. Mara ya pili hakuinua kabisa.

Kavumbi alikuwa ameletwa na Naomi, naye alikuwa ameketi juu ya kreti karibu na lango, magongo yake yamelala miguuni.

"Na mimi nataka kusimama," akasema.

"Haina haja," akasema Nicodemus. "Tumeshaona."

"Huyo ni fundi. Mnaweza kusema masikio yake yamekufa kwa nyundo. Mimi nimeambiwa nilikuwa mlevi. Nataka nipimwe nikiwa hivi nilivyo."

"Huendi mbele ya gari lile tena," akasema Naomi.

"Leo yuko dereva anayejua niko hapa," akasema Kavumbi.

Alikwenda mwenyewe hadi katikati ya uwanja, gongo baada ya gongo, akalipa gari mgongo. Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyoinama mtu mwenye mzigo. Naomi alisimama pembeni, leso ameibana kwa meno.

Idarus hakuwahi kuendesha polepole namna ile. Aliona shati la Kavumbi, lililoshonwa upya begani mahali magunia yalipolichana, likikua katika kioo cha mbele mpaka likakijaza. Akakanyaga breki. Baina ya bampa na magongo hapakuzidi shibiri moja. Ghassan alikuwa ametazama chini.

Kavumbi alibaki vile vile, kichwa kimeinama, anasikiliza.

"Haya, anzeni basi," akasema. "Mbona hamuanzi?"

Idarus akashuka, akazunguka, akamshika kiwiko kwa upole ndipo Kavumbi akageuka. Aliliangalia gari kwa muda. Naomi alikuwa ameketi chini, palepale kwenye saruji.

Nicodemus akaandika. Alipomaliza akamgeukia Idarus, akasema kwamba fomu ina swali moja la mwisho, nalo hana budi kuliuliza. "Baada ya yote haya. Gari dogo hili, kampuni ilitoe kwa injini mbili, watu waliuziwe, au isilitoe?"

"Ilitoe," akasema Idarus, na Shariffa, aliyepewa habari baadaye, alishangaa kwamba hakusita. "Mimi nimekuwa dereva miaka mingi na sijapata kupumzika na petroli ila miezi hii minne. Mtu maskini akiwa na gari hili atakula. Lakini wasilitoe hivi. Walitie sauti. Muulize na yeye."

"Fomu hii ni ya wenye magari."

"Yeye ndiye aliyegongwa."

Nicodemus akasita, kisha akamtazama Kavumbi na kungoja.

"Mimi sina la kusema juu ya petroli," akasema Kavumbi. "Sitanunua gari. Lakini njia twatumia pamoja. Mwenye gari ana macho mbele, na vioo vya nyuma, na taa. Mimi nina masikio tu. Wasiyachukue."

Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa jibu kama hilo. Nicodemus akaigeuza, akaandika upande wa nyuma.

*

Mahakamani Idarus alikiri, akatozwa faini, na Shariffa akauza bangili moja bila kuambiwa. Gari la injini mbili likafunikwa turubai katika yadi hadi mawakala walipolichukua kulipeleka Nairobi. Kama watengenezaji waliyasoma maneno ya upande wa nyuma, hakuna mtu kisiwani aliyepata kujua. Jibu halikuja mwaka huo. Ghassan hakuletewa mengine. Kwa miezi miwili hakumtembelea ami yake, halafu Ijumaa moja akaja na tende, akala chakula cha mchana, na hakuna aliyelitaja jambo lile. Idarus akawa deiwaka, anashika teksi ya mtu mwingine zamu ya mchana, gari la petroli lenye kelele, na nusu ya anachokipata kinaishia kituo cha mafuta.

Barua ya bima ilitoka mwezi wa nne baada ya ajali. Ilikuwa ya Kiingereza, na Naomi akatuma watu Mji wa Kale kumuuliza binti wa Idarus kama angeweza kuja kuisoma. Rukiya akaenda Tudor jioni, baada ya chuo. Kavumbi alikuwa ameshatolewa plasta lakini bado akitembea kwa gongo moja, na mabega yake yalikuwa yamepungua kwa kukosa kazi.

Rukiya akaisoma, akaifasiri mstari kwa mstari. Kampuni ya bima itagharamia matibabu na mishahara ya miezi ambayo mgonjwa hakufanya kazi. Kavumbi akapumua. Naomi hakuonyesha kwamba amesikia.

"Endelea," akasema.

"Imesemwa pia hapa chini," akasema Rukiya, "kwamba imethibitika majeruhi hakuwa amelewa, na maneno hayo yamefutwa."

Naomi akainuka. Ukumbini wapangaji walikuwa wamewasha majiko yao, wanapika, redio ya mtu mmoja ikisoma habari. Akafungua mlango hadi ukagonga ukuta, akamwomba mwenye redio aipunguze, kisha akarudi akasimama karibu na kitanda cha mumewe.

"Isome tena, mwanangu," akasema. "Kutoka hapo pa mwisho. Na usome kwa nguvu."